Mbwa wa Upande wa Kulia

Taarifa ya kifo cha Mzee Saidi Nandonde niliisoma kwenye simu, katika kundi la mtaa wetu wa Mbagala, katikati ya tangazo la kukatika maji na picha ya mbuzi aliyepotea. Maziko baada ya swala ya alasiri, msiba uko nyumbani kwake, mitaa minne kutoka kwangu. Niliisoma tena na tena nikitafuta kosa. Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Nikikaribishwa chai naitazama kwanza. Mjukuu wangu akinisifia kitenge namuuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona hati ya kiwanja. Basi nilikishuku hata kifo kile, nikamtuma mjukuu akaulize, akarudi akasema turubai limeshafungwa na viti vimepangwa. Nikakaa kitandani na khanga yangu mapajani, nisijue kama naenda ama siendi. Mtu akifiwa na aliyefanya naye kazi zamani hukumbuka vicheko vyao. Mimi nilikumbuka swali moja nililoulizwa mbele ya Mzee Nandonde, na jibu nililolitoa.

Mwaka ule wa foleni za unga nilipanga chumba Temeke, kwa Bi. Mwajuma. Kilikuwa cha kwanza kushoto ukishaingia ukumbini: kitanda cha mbao, godoro la sufi lililobonyea katikati, na dirisha lililotazama uchochoro ambao kila aliyepita alichungulia ndani kama vile amealikwa. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne, na kazi yangu ya kwanza, msaidizi wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti wa maradhi ya mbwa huko njia ya Pugu. Bi. Mwajuma alinipa chumba kabla hajaniuliza kazi. Alipouliza, nilikuwa nimeshatandika shuka.

"Mbwa?" alisema. "Hawa hawa wanaobweka?"

"Hao hao, mama. Tunawatafutia dawa."

"Mwanangu, watu wenyewe dawa hawana."

Tangu siku hiyo nguo zangu za kazi zilikaa kwenye ndoo nje ya choo, sahani yangu ikapigwa alama ya rangi nyekundu, na mkeka wake nikauzunguka kwa mbali. Hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa aliniletea wali wa nazi, ila aliumimina toka juu ili upawa wake usiguse sahani yangu. Wapangaji wengine walikuwa wakali zaidi. Jioni, nikila ugali wa ule unga wa njano uliokuwa umetuchosha wote, niliwasikia uwani wakikuna nazi na kunijadili. Mmoja aliuliza, damu wanayotoa kila siku inakwenda wapi. Mwingine akajibu kwamba hakuna mbwa anayetolewa damu kila siku, hao ni mumiani tu, mbwa ni geresha, na huyu mtoto wa bara ndiye anayeshika chupa. Jumapili moja alikuja balozi wa nyumba kumi, akakaa kwenye kiti changu pekee, akaniuliza kama ni kweli mbwa wetu wanakula maini wakati wananchi wanapanga foleni. Nikamwambia ni maini yaliyokataliwa na mkaguzi machinjioni, yana minyoo. Aliitikia kwa kichwa, na nikaona kabisa kwamba hakuamini hata neno moja. Nilijifunza mwaka ule kutembea nikigeuka nyuma, na nadhani sijaacha mpaka leo.

Kituoni tulikuwa watu watatu. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Mhando, mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kila siku hata siku ambazo umeme haukuwapo. Aliamini katika kazi ile kwa moyo wake wote, na hilo lazima niliseme kwanza kwa sababu baadaye sitamsifia sana. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vikifunguliwa porini, nguruwe na ngedere wakimaliza mashamba, na mlinzi pekee wa wanakijiji alikuwa mbwa. Mbwa nao walikuwa wakifa kwa homa ya kupe. Ugonjwa huo huingia kwenye damu: mbwa anaacha kula, ufizi unakuwa mweupe kama chokaa, mkojo unatoka mwekundu, na wiki haiishi. Dawa iliyokuwapo ilikuwa ya sindano, na mwanakijiji atatoa wapi bomba la sindano? Daktari alikuwa ameletewa vidonge vipya vya kujaribu, vya kumeza. Tulikuwa na mbwa kumi na wawili wa mtaani, wote wenye homa ile, mabanda sita kushoto na sita kulia. Wa kushoto walipewa kipande cha ini chenye kidonge ndani kila asubuhi. Wa kulia walipewa ini tupu.

"Hawa wa kulia tunawaangalia tu," Daktari alituambia siku ya kwanza. "Bila wao hatutajua aliyeponya ni dawa ama ni Mungu."

Kazi yangu ilikuwa kutoa tone la damu sikioni kwa kila mbwa, kulipaka kwenye kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Wadudu wa homa ile hukaa wawili wawili ndani ya chembe nyekundu ya damu, wadogo, wenye umbo la tone. Nikiwaona naandika "wapo" daftarini, nisipowaona naandika "hawapo". Katika wiki ya kwanza nilikosea. Niliandika "hawapo" kwa mbwa mmoja, Daktari akatazama mwenyewe akawaona wamejaa. Hakunipigia kelele. Alisema kwa upole kwamba kuna wasichana wengi wenye cheti kama changu na macho mazuri zaidi. Maneno yale yalinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Niliogopa sana kurudishwa nyumbani, na sikutaka mtu yeyote duniani aijue hofu ile.

Mtu wa tatu alikuwa Mzee Nandonde, mhudumu wa mabanda. Wala hakuwa mzee, alikuwa na miaka arobaini hivi, ila alikuwa na watoto sita na sauti ya taratibu, basi ikatosha. Alitoka Lindi, Mwislamu wa swala tano, na mpaka leo sijui alivyojiridhisha kufanya kazi ya mbwa. Nilipomuuliza alicheka, akasema mbwa naye ana Muumba. Aliwapa majina ya uongozi. Yule mnene aliyelala siku nzima alikuwa Katibu Kata. Jike mwenye kelele alikuwa Mama Mwenyekiti, naye alikuwa upande wa kulia, mgonjwa kuliko wote. Saa sita mchana tulikula pamoja kwenye benchi nyuma ya stoo, yeye na mihogo yake ya kuchemsha iliyofungwa kwenye jani la mgomba, mimi na ugali baridi. Alinigawia kila siku, bila kuuliza kama nataka. Nami, kwa tabia yangu, kila siku nilijiuliza anatafuta nini kwangu.

Kulikuwa na jambo moja la Mzee Nandonde lililonikosesha raha. Kila alipomaliza kulisha mbwa, alikwenda peke yake kwenye bomba nyuma ya stoo na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Alikaa huko muda mrefu, amegeuka ukutani. Akitokea mtu alifunika kopo. Nililichungulia kopo lile wiki nzima kwa jicho la pembeni. Niliwaza ini, niliwaza vidonge, niliwaza hata damu, kwa sababu maneno ya uwani kwa Bi. Mwajuma yalikuwa yameanza kunipandia kichwani mwenyewe.

Wiki ya tatu mbwa wa upande wa kulia wakaanza kupona. Nakumbuka asubuhi ile vizuri mno. Nilimtazama Mama Mwenyekiti kwenye hadubini, chembe moja baada ya nyingine, na damu yake ilikuwa safi. Nikatazama wa pili, safi. Katika wale sita wa kulia wanne hawakuwa na wadudu, na wale wawili waliobaki wadudu walikuwa wa kutafuta. Mbwa ambao hawakupewa chochote hawawezi kupona hivyo, kwa hiyo kosa lilikuwa langu, nimekosea tena, rangi imeharibika ama macho yangu mabovu. Nilisikia Daktari akikohoa chumba cha pili. Nikachukua kalamu, nikaandika "wapo" mara sita. Kesho yake nikaandika tena. Uongo wa namna ile hauna shida siku ya pili, mkono unakwenda wenyewe.

Lakini moyoni sikutulia. Kama macho yangu yalikuwa mazima, basi kuna mtu anachezea kazi ile, na mwenye kopo hakuwa mimi. Mchana mmoja Mzee Nandonde alipokwenda kuswali, niliingia stoo, nikapanda juu ya debe, nikalishusha kopo lake kutoka rafu ya juu. Ndani mlikuwa na udongo. Udongo mtupu, mkavu, uliochekechwa vizuri. Nikatia mkono nikapekua mpaka chini, sikupata kitu. Nikawa nalirudisha ndipo nikaona, mahali kopo lilipokuwa limekaa, wembe uliofungwa kwenye karatasi, na kwenye ncha yake unga mweupe. Nikaunusa, nikaugusa kwa ulimi. Ulikuwa mchungu. Nilikuwa nimeshika vidonge vile mara nyingi, nikaujua.

Jioni nilimweleza Bi. Mwajuma habari ya kopo, nikitegemea atanisifu kwa ujasiri wangu. Alishika kifua.

"Umetia mkono kwenye udongo wa mtu wa kujitoharishia? Wewe mtoto una nini? Mbwa akikuramba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa huyo baba afanyeje, na kazi yenyewe ndo hiyo?"

Nikaona aibu, lakini aibu haikunizuia. Wembe haukuwa wa kujitoharishia. Asubuhi nikaupeleka kwa Daktari kwenye karatasi yake.

Alituita wote wawili barazani, mbele ya mabanda. Mbwa walikuwa wakibweka kwa sababu ilikuwa saa ya kula, na Daktari alilazimika kupaza sauti, jambo ambalo hakulipenda. Alimwonyesha Mzee wembe, akamuuliza anakata nini. Mzee Nandonde hakuhangaika hata kidogo.

"Nakata vidonge, Daktari. Nagawa nusu kwa nusu."

"Nusu moja wapewa hawa wa kushoto. Na nyingine inakwenda wapi? Nani Kinondoni huko, mwenye mbwa wake wa kizungu, anayekununulia?"

"Hakuna anayenunua. Nawapa hawa wa kulia."

Daktari akacheka, cheko la mtu anayeona anafanywa mjinga. Mzee akaendelea kueleza, taratibu kama kawaida yake, kwamba aliona vidonge havitoshi. Kila kitu mwaka huu hakitoshi, alisema, sabuni haitoshi, unga hautoshi, sukari ndio usiseme, basi na dawa nayo haikutosha, ndiyo maana wengine wakakaa tu wanatazama wenzao. Sie nyumbani kidogo kikija tunagawana. Hakuona vibaya kuwagawia na hawa, maana wote wanaumwa mamoja.

Nilimwelewa papo hapo. Siku ya kwanza Daktari aliposema wa kulia tunawaangalia tu, mimi nilisikia somo la shule. Mzee Nandonde alisikia habari ya upungufu, kama zile alizozisikia kila siku dukani. Na nilielewa pia kwamba hadubini yangu haikukosea, macho yangu hayakukosea, na kwamba ndani ya daftari langu kulikuwa na siku nane za uongo.

Daktari akanigeukia. "Anasta, slaidi za upande wa kulia zinasemaje?"

Mzee alinitazama kwa matumaini. Hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu alijua kwamba ninaona kila kitu kwenye kile chombo changu. Hata mbwa wenyewe walikuwa shahidi, Mama Mwenyekiti akirukia waya kwa nguvu zote, lakini Daktari hakuwa mtu wa kutazama mbwa palipokuwa na daftari. Nikawaza cheti changu, nikawaza wasichana wenye macho mazuri zaidi. Nikamwambia, "Wadudu wapo, Daktari. Kwa wote sita."

Nilitegemea Mzee Nandonde aniite mwongo. Nilikuwa tayari hata kwa matusi. Yeye aliinamisha kichwa, akaangalia mabanda ya kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe haikuwasaidia."

Wakati ule nilidhani anaigiza. Nilimshuku hata hapo. Alifukuzwa siku ile ile, na neno lililoandikwa kwenye barua yake lilikuwa wizi. Alikunja ovaroli lake, akaliweka juu ya benchi letu la chakula, akaniaga: "Haya mwanangu, baki salama." Mimi nikageukia mabanda.

Jaribio lilikuwa limeharibika, kwa maneno ya Daktari, kwa sababu hakuna aliyejua nani amekula nini. Kumi na wawili wale hawakuwa na kazi tena wala mwenyewe. Mwisho wa wiki walipigwa sindano ya kuwalaza wasiamke tena, na mimi ndiye niliyewashika mmoja mmoja. Kabla ya hapo nilichukua damu yao mara ya mwisho, bila kutumwa, nikafunga mlango nikatazama. Kushoto safi. Kulia safi. Wote kumi na wawili walikuwa wazima, kwa nusu ya dawa. Labda mmoja ama wawili wangepona wenyewe, mbwa wa mtaani wana ukaidi wao, lakini sita wote? Mhudumu wa mabanda alikuwa amegundua kwa wembe kile ambacho Daktari angehitaji miaka kukifikia, kwamba dawa ile ilitosha kwa mara mbili ya mbwa tuliowapimia. Kwa wanakijiji waliokuwa wakisubiri, hilo lingekuwa jambo kubwa. Nikaviosha vioo vile kwa sabuni mpaka vikang'aa. Daktari alihamishwa mwaka uliofuata, vidonge havikuletwa tena, na mimi nikaendelea na kazi ya hadubini kwa miaka thelathini na moja. Nilisifiwa kwa uangalifu wangu. Niliwafundisha wengine wasiamini daftari la mtu, watazame kioo wenyewe, na walidhani ni hekima.

Sitajifanya kwamba nilimtafuta nikamkosa. Nilijua kwa muda mrefu kwamba anaishi Mbagala. Nilimwona sokoni zaidi ya mara moja, amezeeka kweli sasa, akichagua mihogo, nami nikageukia njia ya wauza samaki. Nilijiambia ameshasahau. Nilijiambia pia kwamba nikimwendea atafikiri nimefuata jambo, na wanawe watafikiri hivyo hivyo. Mtu wa kushuku ana faida hiyo, daima anapata sababu ya kubaki nyumbani.

Mwisho nilikwenda, nimejitanda khanga, nikakaa mkekani na wanawake. Mzee alikuwa ameshapelekwa makaburini. Binti yake, Somoe, mama mtu mzima wa miaka sitini hivi, alinisogelea kunipa pole ambayo mimi ndiye niliyepaswa kumpa. Akaniamkia, akaniuliza nimejuana wapi na baba yake. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, kituo cha mbwa, njia ya Pugu.

Uso wake ulifunguka. "Kumbe! Basi mama unaijua ile habari. Baba ilimtesa mpaka uzeeni. Wizi wala hakuujali, alisema Mungu anajua. Kilichomuuma ni wale mbwa. Alisikia walikufa wote, basi alikuwaga anasema yeye ndo aliyewaua, kwamba angewaacha wale sita wakapata dawa yao kamili, sita wangepona. Kwa huruma yake akawanyima wote. Hata sisi watoto tulipoumwa, kidonge hakugawa, na akitaka mtu kumgawia mwenzie kitu cha maana anamkatalia. Alikuwa mtu wa kugawa, anasema mama, kabla ya hapo."

Sikujua hilo. Miaka yote hiyo nilidhani nilichomwibia ni kazi. Wanawake wengine walikuwa wakigawa kahawa, na nikasubiri wapite. Halafu nikamwambia, pale pale mkekani, kila kitu: vioo, kalamu, swali la Daktari, na ile damu ya mwisho niliyoitazama nimefunga mlango. Nikamwambia, "Walipona, mwanangu. Wote kumi na wawili. Baba yako aliwaponya, na mimi nilijua siku ile ile."

Somoe hakulia wala hakunipigia kelele. Aliondoa mkono wake juu ya mkono wangu, akautazama kidogo.

"Baba alikuwa hai mpaka jana asubuhi," alisema. "Alikuwa anakaa pale barazani kila siku, watu wote wanampita. Unakaa wapi wewe mama?"

Nikamwambia mtaa wangu.

Akanitazama kwa jicho ambalo nimewatazama nalo watu maisha yangu yote. "Na leo umefuata nini?"